Glasi Tatu za Sebastian

Adelina Chilongani alizaliwa Hombolo, nje kidogo ya Dodoma, katika nyumba iliyozungukwa na mizabibu pande tatu. Baba yake alilima zabibu kama majirani zake wote, akivuna mara mbili kwa mwaka, na binti huyo alijua kukata vishada kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo mwaka 1999, yeye na mumewe Elkana walipofika Toronto na kupanga vyumba vya chini katika nyumba ya mzee mmoja wa Kiitaliano huko Mount Dennis, hakushangaa kuona mzabibu umetambaa juu ya paa la gereji. Kilichomshangaza ni yaliyokuwa yakifanyika ndani.

Mwenye nyumba aliitwa Bepi. Alikuwa mjane aliyemaliza maisha yake ya kazi akimwaga zege kwenye misingi ya majengo ya watu, na kila ilipofika vuli gari lake lililala barabarani kwa sababu gereji ilikuwa ya zabibu. Kwao ni Valpolicella, vilima vilivyo juu ya mji wa Verona, na huko, alimweleza Adelina, mvinyo mwekundu hautokani na zabibu ya aina moja. Corvina ndiyo yenye shughuli. Ndiyo inayoleta ladha ya cheri na ule uchungu wa mwishoni. Rondinella inaongeza rangi, nayo ni ngumu, haiuguiugui. Molinara inatiwa kidogo tu ili mvinyo usiwe mzito mno. Corvina na Rondinella Bepi alizipata kwa rafiki yake wa utotoni aliyepanda mistari michache kule Niagara. Molinara hakuipata kamwe. Aliziba pengo lake kwa zabibu nyeusi za California zilizouzwa kwa makreti, na kila mwaka aliomba radhi kwa marehemu baba yake kwa sauti, huku akizimwaga.

Adelina alitegemea wangekamua siku hiyo hiyo, kama Hombolo. Bepi akamzuia mkono.

"Bado, signora. Kwanza zilale."

Wakazipanga juu ya chanja za matete, kishada kimoja kimoja, visigusane. Kwao zamani, alisema Bepi, chanja hizo hizo zilitumika kufugia viwavi wa hariri. Hariri ilipokufa, zikabaki zabibu. Zililala hapo mpaka Januari, dirisha likiwa wazi, na kazi ilikuwa kuzipitia kila asubuhi na kutoa yoyote iliyoota ukungu. Zilisinyaa kama uso wa bibi kizee. Ndipo zilipokamuliwa, na juisi kidogo iliyotoka ikachachuka taratibu kwenye baridi, wiki baada ya wiki, hadi sukari yote ikaisha. Maganda nayo hayakutupwa: Bepi aliumimina mvinyo wake wa kawaida juu yake, ukakaa nayo siku kadhaa ukapata nguvu. Ule wa kwanza, mzito, uliingia kwenye pipa. Dukani mvinyo wa namna hiyo huitwa Amarone, jina lililotokana na uchungu, lakini Bepi hakukubali wake uitwe hivyo. Jina ni la bonde lile, alisema. Wa kwake ni mvinyo wa gereji.

Elkana alikuwa mtu wa kucheka, mwembamba, mrefu, dereva wa lori. Makreti ya mwaka 2002 aliyabeba yeye, mawili mawili, huku Bepi akimfokea kwa Kiitaliano aende polepole. Asubuhi kabla ya kazi alishuka gereji na kuzipitia zabibu kwa tochi mdomoni. Mvinyo wa mwaka huo ulipotiwa kwenye chupa, mwaka 2005, Bepi aliwapa sehemu yao, na Elkana akawa anakunywa nusu glasi kila Jumapili baada ya chakula, akifumba jicho moja na kusema, "Mke wangu, hii inaongea."

Lori alilokuwa akiendesha lilikuwa la kaka yake. Sebastian alitangulia Kanada miaka mingi, akapata uraia, akajenga maisha Brampton: nyumba mpya, malori mawili, kiti cha mbele kwenye kila kikao cha Watanzania. Ndiye aliyewaleta mdogo wake na mkewe, na hakuwaacha wasahau.

Februari 2006 Elkana aliamka ameshika kifua. Alimpigia kaka yake simu akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi, aliiweka simu kitandani na kuifungulia sauti. Adelina alisikia kila neno.

"Kaka, kifua kinanibana tangu jana. Leo nipumzike."

"Mdogo wangu, hiyo ni baridi tu. Meza vidonge. Mzigo wa Windsor umeshafungwa, nani ataupeleka?"

"Mkono wa kushoto siusikii vizuri, kaka."

"Endesha kwa wa kulia. Ukirudi utalala."

Elkana alivaa koti. Adelina alisimama mlangoni kumzuia, naye akamwondoa kwa upole akisema kaka amekasirika. Kabla hajafika London, mji wa huko huko Kanada, aliliegesha lori pembeni ya barabara ya 401, akawasha taa za dharura, na hakushuka tena. Hospitali ilipopiga simu, Adelina alimkimbilia Zahira, rafiki yake. Zahira alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia, binti wa duka la vitambaa pale Dodoma mjini, na hapa alikuwa na kampuni ya kupika na kuhudumia kwenye sherehe. Aliacha vyungu motoni kwa wasaidizi wake akamwendesha Adelina mpaka London. Walimkuta Sebastian ameshafika. Daktari aliwaambia wote watatu pamoja: mshipa wa moyo ulikuwa umeziba, na kama angefika hospitali asubuhi ile, pengine wangemuwahi. Adelina aliuliza kama ni kitu alichokula au kunywa. Daktari akasema hapana.

Karatasi za ukaazi za Adelina zilikuwa bado hazijatoka. Akitoka Kanada asingeruhusiwa kurudi. Sebastian ndiye aliyesafiri na mwili. Adelina alibaki Mount Dennis akimlilia mumewe kwa simu, na siku ya mazishi binamu yake alimpigia kutoka Hombolo.

"Adelina, huyu shemeji yako amesimama kanisani. Amesema umemuua."

"Amesema nini?"

"Amesema ulikuwa unamnywesha pombe ya gereji, imemuunguza moyo. Amesema mbele ya jeneza. Mama mkwe wako ameanguka."

Adelina alimpigia mama mkwe. Alimweleza habari za simu ya asubuhi ile, habari za daktari, maneno yakigongana mdomoni. Yule mama alisikiliza kidogo, akauliza, "Ulikuwa unatengeneza pombe, au hutengenezi?" Adelina akajibu kweli tulitengeneza, Mama, lakini. Simu ikakatwa. Baada ya hapo haikupokelewa tena.

Habari ilirudi Toronto na Sebastian. Kwenye Misa ya Kiswahili ya kila mwezi, ambapo baada ya ibada kila familia huweka chakula mezani, sufuria ya Adelina ilirudi nyumbani imejaa. Hakuna aliyemwambia kitu. Wanawake walimpa pole kwa mbali, na mmoja aliyekuwa ameshapokea kikombe cha chai mkononi mwa Adelina alikiweka chini bila kukigusa mdomoni. Zahira alitaka kwenda kwa watu hao mmoja mmoja awaambie alichosikia kwa daktari. Alikwenda kwa wawili. Wote wakamwambia, kwa heshima, kwamba mambo ya familia huachiwa wenyewe.

Bepi aliposikia alinyanyua koleo lake la zege na kuuliza Brampton wanapanda basi gani.

Adelina hakulia tena baada ya mwezi huo. Alipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, akawa anasimama mbele ya mashine zile kubwa akipanga maneno ambayo angemwambia Sebastian. Aliyapanga kwa Kiswahili, kwa Kigogo, na hata kwa Kiingereza. Mawazoni alimwona akiugua. Alimwona akiomba maji. Kuna siku alichoma shuka kwa pasi kwa sababu mkono wake ulikuwa umesimama pale pale, na moyoni alikuwa Brampton, amemkaba mtu koo. Chupa zao za 2002 alizifunga kwenye sanduku akazisukuma nyuma ya boila la kupashia nyumba joto, akamwambia Bepi asizifungue kwa ajili ya mtu yeyote. Bepi akasema vizuri, mvinyo huo bado ulikuwa mchanga.

Karatasi zilitoka. Miaka ikapita. Bepi alifariki mwaka 2011, na binti yake, aliyeishi Vancouver, akamwachia Adelina aendelee kukaa kwenye nyumba ile kama mpangaji wa juu. Kanisani alikuwa akikaa safu ya nyuma kabisa, siyo kwa aibu. Alitaka kuiona shingo ya Sebastian. Alikuwa amenenepa, Sebastian. Alikuwa amekwenda matembezi Italia na mkewe, na tangu hapo hapakuwa na kikao ambacho hakutoa somo la waini: ipi imelala miaka mingapi, ipi ni ya kunywewa na watu wasiojua. Mtu aliyesimama mbele ya jeneza la mdogo wake akilaani mvinyo alikuwa sasa anaizungusha glasi na kunusa.

Mwaka 2014 binti wa Sebastian, Sara, alichumbiwa. Harusi ingefanyika Septemba, ukumbi wa Brampton, na bibi mzaa baba angeletwa kutoka Hombolo. Aliyepewa kazi ya chakula na vinywaji alikuwa Zahira. Sebastian hakukumbuka kwamba ndiye mwanamke yule wa hospitali ya London.

Zahira alikuja Mount Dennis kumpa Adelina habari, akitegemea wangecheka kidogo na yaishe. Adelina hakucheka.

"Meza kuu watakunywa nini?"

"Anataka Amarone. Ameniambia nichague mwenyewe, mradi iwe nzuri kuliko zote."

Adelina aliinuka, akashuka kule kwenye boila, akarudi na chupa yenye vumbi. Haikuwa na karatasi ya jina. Akaiweka mezani.

Zahira alilipangusa vumbi kwa kidole. "Adelina, mimi natafuta riziki kwa kazi hii. Na ni harusi ya mtoto."

"Najua ni harusi ya mtoto."

"Huyo Sara umempakata."

"Nimempakata. Na mimi nilikuwa na mume." Alivuta kiti akaketi. "Sitaki uongo, Zahira. Akikuuliza, mwambie kweli: mvinyo wa mtindo wa Valpolicella, umetengenezwa hapa hapa Toronto na mzee wa huko. Mwambie na gereji yenyewe. Kama atauliza."

"Na asipouliza?"

"Asipouliza, mnywesheni."

Waliandika kwenye kibali cha sherehe, kama sheria inavyotaka, kwamba kuna mvinyo wa kutengenezwa nyumbani na jamaa wa familia, na Sebastian akatia saini bila kusoma, akiongea na simu. Siku ya siku Adelina aliingia kwa mlango wa jikoni, amevaa kitenge cheusi chini ya aproni. Aling'oa vizibo mwenyewe. Aliuonja kwanza, akiwa ameinamia sinki. Miaka ile yote ilikuwa imeutendea wema: ulikuwa na cheri iliyokauka, na tumbaku, na mwishoni uchungu uliokaa ulimini ukakataa kuondoka. Zahira ndiye aliyeumimina kwenye majagi ya kioo, yeye asiyekunywa pombe, akiugeuza uso pembeni.

Kutoka dirisha la kupitishia sahani Adelina aliona kila kitu. Sebastian alinusa glasi ya kwanza, akazungusha, akanywa, akafumba macho. Alimgusa bega padre aliyekaa karibu naye, naye akanywa, akausifu. Glasi ya pili aliinyanyua kwenye taa kuonyesha rangi. Akamsogezea mama yake, bibi kizee mdogo aliyefungwa khanga mpya, "Mama, onja kidogo, hii si ya kulevya, hii ni ya kuheshimu," na mama akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Glasi ya tatu aliinywa amesimama, kipaza sauti mkononi, akitoa shukrani. Aliwashukuru wageni, wakwe, wapishi. Halafu akasema, na ukumbi wote ukasikia:

"Na huyu aliyeleta waini hii, yuko wapi? Watu wa hapa wananywa maji ya rangi. Hii ndiyo waini yenyewe. Aje nimshike mkono."

Adelina alivua aproni. Zahira alimshika kiwiko, kisha akamwachia.

Alitembea katikati ya meza polepole. Waliomfahamu waliacha kutafuna. Alipofika meza kuu hakumtazama Sebastian. Alimpigia magoti bibi kizee.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule mama kwa mazoea, ndipo akamtambua, na mkono wake ukabaki hewani.

Adelina akasimama. "Umeniita, shemeji. Nimekuja unishike mkono."

Sebastian alishusha kipaza sauti, lakini hakikuzimwa. "Wewe umefuata nini hapa?"

"Nimeleta waini. Ni ile ya gereji, ya mwaka 2002. Makreti yake alibeba Elkana. Ndiyo aliyokuwa anakunywa Jumapili, ile uliyosema kanisani Hombolo kwamba ilimuua." Alihesabu kwa kidole, bila haraka. "Wewe umekunywa glasi tatu. Padre amekunywa. Mama ameonja. Kama inaua, basi tukae hapa wote, tungoje."

Alivuta kiti kilichokuwa wazi akaketi, mikono mapajani, akimtazama usoni. Mpiga muziki alikuwa amezima mashine. Hakuna aliyeinuka. Jasho lilimshuka Sebastian kwenye sikio.

"Umekuja kuharibu harusi ya mwanangu," alisema hatimaye.

"Wewe uliuharibu msiba wangu."

Ndipo bibi kizee alipoongea, na alikuwa akimwongelesha mwanawe. "Sebastian. Daktari alisema Elkana amekufa kwa nini?"

"Mama, mambo haya si ya hapa."

"Uliyasema mbele ya jeneza la mwanangu. Kwa nini hapa yakushinde? Daktari alisema nini?"

Akanong'ona, lakini kipaza sauti kilikuwa kifuani mwake. "Moyo."

"Na hii pombe?"

Sebastian akaisogeza glasi yake mbali.

"Huyu alinipigia simu siku ile," mama akasema. "Aliniambia mdogo wako alikuomba apumzike, ukamwambia aendeshe kwa mkono wa kulia. Nikamkatia simu, nikidhani ni maneno ya mwenye hatia. Ulisema hivyo?"

Sebastian aliketi. Akajifunika uso kwa kitambaa cha meza, na mabega yake yakaanza kuruka. Adelina alimtazama akilia. Alikuwa amejiuliza miaka yote atajisikiaje siku hiyo ikifika, na sasa alijua: alijisikia vizuri. Alitamani alie zaidi.

Kilichomuuma ni Sara. Bibi harusi alikuja na gauni lake limeshikwa mikononi, macho yamejaa, akamwuliza kwa Kiingereza, "Mama mdogo, kwa nini leo? Kwa nini siku yangu?" Adelina akamwambia tu kwamba siku nyingine baba yake asingemwita mbele za watu. Sara alimgeuzia mgongo, na mpaka leo hamsalimii.

Wiki ile Sebastian alifika Mount Dennis. Alisimama kibarazani na kofia mkononi, majani yakimwangukia. Adelina alifungua mlango wa mbao, ule wa wavu akauacha umefungwa.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Mimi najua ukweli, hunipunguzii kitu. Nenda ukaseme Hombolo, kanisani, ulipokuwa umesimama. Useme na ile simu, neno kwa neno."

"Hilo ni kubwa, Adelina. Mimi ni mtu mzima kule."

"Elkana alikuwa mtu mzima." Akafunga mlango.

Ni mama yake aliyemlazimisha. Alikataa kupokea chochote kutoka kwake, hata salamu, mpaka Pasaka ya 2015, ndipo Sebastian aliposafiri. Binamu yake Adelina alishika simu juu wakati wa matangazo ya mwisho wa Misa. Adelina alikuwa kazini, akasimama kati ya mashine mbili, sikio moja limezibwa kwa kidole. Alisikia sauti ikisema ndugu zangu niliwadanganya. Alisikia ikisema mkono wa kulia. Alisikia minong'ono ikiinuka kama upepo, na mtu fulani akipiga kelele, na simu ikadondoka. Alirudi kwenye mashuka yake. Siku hiyo wenzake wa zamu walimsikia anaimba, jambo ambalo hawakuwahi kulisikia.

Watu wa kanisani Toronto walianza kumjia na sahani zao, na safari hii walitaka jambo: amalizane na shemeji yake. Padre naye alimwita, akamweleza vizuri juu ya kusamehe. Adelina alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Padre, hata wewe uliinywa ukaisifu," kisha akaomba ruhusa aondoke.

Mwaka 2016 alikwenda Hombolo. Mama mkwe alikuwa ametandika mikeka tangu asubuhi na kuwaita wanawake wote wa ukoo. Walimvua viatu, wakamfunga kaniki, wakamketisha katikati kama mfiwa wa jana, kisha wakaanza kumlilia Elkana upya, kwa sauti kubwa, jina lake lote na mambo yake yote, jinsi alivyokuwa akicheka, jinsi alivyokuwa mrefu. Adelina, aliyedhani hana tena machozi, alilia mpaka akatapika. Walimpikia, wakamlisha uji kwa kijiko. Alilala mkekani mchana kweupe, watu wakimpita kwa kunyata.

Alipoamka, mama mkwe alikuwa amechuchumaa pembeni yake na simu mkononi.

"Ni shemeji yako. Amesikia umefika. Anaomba neno moja tu."

Adelina aliitazama ile simu. Akatikisa kichwa.

Bibi kizee hakumsihi. Aliirudisha simu sikioni, akasema, "Amekataa, mwanangu. Usipige tena leo," akaizima, kisha akamvutia Adelina khanga juu ya miguu kwa sababu upepo ulikuwa umeanza.